Gari kwa Juma, mwanasesere kwa Asha: nani alichagua?

Husemwa tangu enzi za bibi zetu kwamba mtoto wa kiume huzaliwa akipenda magari na wa kike akipenda mwanasesere. Mzazi hana mkono hapo, ni damu tu.

Mwaka 1978 watafiti Caroline Smith na Barbara Lloyd walichapisha jaribio dogo, ila la kijanja, lililofanyika Uingereza. Akina mama 32 walipewa, mmoja mmoja, mtoto wa miezi 6 wasiyemjua wacheze naye. Baadhi ya watoto walikuwa wamevishwa nguo na kupewa jina la jinsia isiyo yao. Mama aliyedhani amepakata msichana alielekea kutanguliza mwanasesere. Aliyedhani ni mvulana alitoa kichezeo chenye umbo la nyundo, tena akamhimiza zaidi kujirusharusha. Mtoto mwenyewe hakuwa ameomba chochote. Hata kusema hajui.

Si kwamba maumbile hayana sauti. Mwaka 1992 Sheri Berenbaum na Melissa Hines walionyesha kuwa wasichana waliopata homoni nyingi za kiume wakiwa tumboni hucheza na magari zaidi ya ndugu zao wa kike. Kwa hiyo anayedai kila kitu ni malezi naye anatia chumvi.

Kosa la imani ile ni kumwondoa mzazi kabisa. Yeye ndiye anayenunua, anayetabasamu mvulana akisukuma gari la waya, na anayekunja uso akimwona amebeba mwanasesere wa gunzi mgongoni. Mtoto wa miaka 3 huusoma uso huo bila kuambiwa neno.