Nyuki wamehama au wamegawanyika? Fungua mzinga kwanza

Msimu wa maua simu haziishi. "Kaka, nyuki wangu wamehama!" Mi swali langu la kwanza ni moja tu, mzinga mtupu kabisa au kuna wanaoingia na kutoka? Kwa sababu haya ni mambo mawili tofauti ila wote tunayaita kuhama, na ukikosea hapo utahangaika bure.

Kugawanyika ni dalili ya shibe. Chakula kipo, masega yamejaa, nafasi imebana, basi nyuki vibarua wanaanza kulea malkia mpya na malkia wa zamani anaondoka na sehemu kubwa ya nyuki. Ukifungua utakuta bado kuna nyuki, majana (watoto wa nyuki walioko kwenye sega) na asali, na pembeni mwa sega au chini kabisa kuna vijumba vinaning'inia kama ganda la karanga, hivyo ndo vya malkia. Kiangalie kwa karibu: kama ncha imekatwa duara safi kama kifuniko, binti ametoka salama, kama kimetobolewa ubavuni basi mwenzake alimuwahi akamuua humo humo ndani. Malkia huchukua siku kama 16 tu toka yai mpaka kutoka, na kundi la kwanza kwa kawaida linaondoka vijumba vikishazibwa, kwa hiyo ukiviona vimezibwa ujue umechelewa au una siku chache sana za kuugawa mzinga mwenyewe.

Kuhama sasa ni wote, hakuna anayebaki. Na hapa nyuki wetu hawa wa Afrika Mashariki ni wepesi mno, ndo walivyoumbwa, wamezoea kufuata mvua na maua. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na kufika 1990 uzao wao ulikuwa umeshaingia Texas, Marekani, kwa kugawanyika na kuhama tu!

Ukikuta mzinga mtupu usiuoshe haraka, usome. Masega makavu, hakuna majana, hakuna asali, hiyo ni njaa au ukame, walijipanga, malkia akapunguza kutaga wakasubiri watoto watoke wakabeba chakula wakaenda. Lakini ukikuta majana yameachwa na asali ipo, hao wamekimbia: siafu, moshi mwingi, jua kali, au wewe mwenyewe umewavuruga. Utando wa nondo, yule mdudu kama kipepeo anayekula masega, unalaumiwa sana ila mara nyingi nondo anakuja nyuki wakishapungua au wakishaondoka.

Mwaka wangu wa pili pale Manyoni nilivuna mchana wa jua, nikakata karibu kila sega, kesho yake asubuhi kimya. Majana meupe yamebaki kwenye masega na sisimizi wameshaanza kuyabeba. Iliniuma sana, maana wale walikuwa wanakaa vizuri kabisa na mimi ndo niliyewafukuza.

Tangu hapo navuna jioni, masega yenye majana siyagusi na asali nawaachia ya kutosha. Waya za kuning'inizia mzinga napaka grisi, siafu hawapiti. Kiangazi naweka karai la maji lina mawe ndani ili wapate pa kutua, nyuki hutumia maji kupoza mzinga, yakikosekana joto linawashinda.

Kundi likining'inia kwenye mwembe wako usilirushie jiwe wala kulimwagia mafuta ya taa jamani. Wameshiba asali, hawana watoto wa kulinda, kwa hiyo huwa wapole kuliko wa mzingani, ingawa hawa wetu usiwaamini bila mavazi. Waondoe watoto na mbuzi, mwite mfugaji. Na wewe mwenye mzinga mtupu, kwangua utando, acha kipande cha sega la zamani ndani, sugua nta mlangoni, harufu hiyo ndo wapelelezi wao wanaifuata.