Kanuni za vipeo: shika moja, nyingine utazipata

Wengi ninaowafundisha aljebra huja wamekariri kanuni saba za vipeo (zile namba ndogo za juu, kama 3 katika x³), lakini wakikutana na x³ · x⁴ bado wanasita: ni x⁷ au x¹²? Siwashangai. Kanuni zinazofanana kiasi hicho lazima zigongane kichwani. Mimi hubaki na moja tu.

x³ ni x · x · x, basi. Ukizidisha kwa x⁴ umeongeza x nyingine nne, jumla saba. Ndiyo maana aᵐ · aⁿ = aᵐ⁺ⁿ. Na (x³)⁴ ni x³ iliyozidishwa mara nne: 3 + 3 + 3 + 3, yaani x¹². Kugawanya ni kukata zinazofanana juu na chini, kwa hiyo vipeo vinatolewa.

Utamu unaanzia kwenye sifuri. Hakuna namna ya kuiandika 5 “mara sifuri”, kwa hiyo watu hubahatisha kwamba 5⁰ ni 0. Iulize kanuni yetu: 5⁰ · 5² lazima iwe 5². Namba gani ukiizidisha kwa 25 unapata 25 ileile? Ni 1 peke yake. Vivyo hivyo, 5⁻² · 5² = 5⁰ = 1, hivyo 5⁻² ni 1/25. Alama ya hasi kwenye kipeo haifanyi jibu kuwa hasi. Inalipindua juu chini. Je, 9 yenye kipeo cha nusu? Ikizidishwa kwa yenyewe itoe 9¹, basi ni 3, kipeuo cha pili cha 9. Mwanahisabati Mfaransa Descartes alipochapisha jiometria yake mwaka 1637 aliandika vipeo karibu kama tunavyoviandika leo, ila kwa namba nzima chanya. Kufikia 1676 Newton alikuwa akitumia vya hasi na vya sehemu katika barua zake.

Kanuni hii ina mipaka, na makosa mengi hutokea pale inapovushwa. Namba inayobeba kipeo lazima iwe ileile pande zote mbili: 2³ · 3² ni 8 · 9 = 72, hakuna cha kuunganisha. Kujumlisha nako hakuhusiki kabisa. x³ + x⁴ inabaki hivyo hivyo, na (a + b)² si a² + b². Weka 1 na 1 uone 4 dhidi ya 2. Kisha mabano: (3x)² ni 9x², kwa sababu hata 3 imo ndani. Kwa desturi ya hisabati −3² ni −9, na (−3)² ni 9. Excel, kwa ukaidi wake, ukiiandikia =-3^2 itakupa 9, kwa hiyo huko weka mabano daima.

Jaribu hii: (2x³)² · x⁻⁴ ÷ 4x², 4x² yote ikiwa kigawanyo. Mabano yanatoa 4x⁶, ukizidisha kwa x⁻⁴ inabaki 4x², ukigawanya kwa 4x² unapata 1, mradi x si 0.