Kwa nini silinda mbili ziliwatesa wenye nne

Vijana wa bodaboda wanaopaki karibu na gereji yangu hapa Mtwara hutazama sana video za pikipiki za mbio, na swali lao ni lilelile: "Mjomba, hii Honda ina silinda mbili tu, mbona watu wanaililia kuliko zenye nne?" Wanayoisema ni Honda VTR1000 SP-1. Jibu linaanzia kwenye kanuni za mashindano, injini inafuata baadaye.

Mashindano ya dunia ya Superbike yalipoanza 1988, pikipiki za silinda nne ziliruhusiwa kufika sisi 750 (cc, yaani ukubwa wa injini), za silinda mbili hadi 1000. Tena chombo kinachoshindana lazima kiwe kinauzwa kwa watu wa kawaida, hata kama ni vichache. Ducati wa Bologna, kiwanda kidogo kilichokuwa kimeng'ang'ania silinda mbili muda mrefu, wakauona mwanya. Raymond Roche akawapa ubingwa 1990, Doug Polen akafuata 1991 na 1992. Halafu 1994 ikatoka Ducati 916, kazi ya mbunifu Massimo Tamburini, na Carl Fogarty akatwaa mataji manne na Ducati: 1994, 1995, 1998 na 1999. Honda walikuwa na RC45, V ya silinda nne ya sisi 750, mashine ya hela nyingi. Ikaambulia taji moja tu la waendeshaji, 1997. Wakaona isiwe tabu, wakaunda silinda mbili yao, ndiyo hii VTR1000 SP-1, sisi 999. Msimu wa kwanza tu, 2000, Colin Edwards akawa bingwa. Kwa hiyo pikipiki hii ilitengenezwa kwa ajili ya mbio, na ikaletwa dukani kwa sababu sheria ilidai.

Sasa injini. Silinda mbili zimeachana kwa nyuzi 90, umbo la V: moja imelala kuelekea tairi la mbele, nyingine imesimama kuelekea kiti, na pistoni zote zimeshikwa kwenye pini moja ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Pembe hiyo ina kazi yake. Pistoni moja inapofika juu na kusimama kidogo kabla ya kurudi, mwenzake yuko katikati ya safari anakimbia, na uzito uliowekwa kwenye kranki unaua sehemu kubwa ya mtikisiko. Ukivuta resi kwenye pikipiki yako ya silinda moja mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu, huo ndio mtikisiko ninaousema.

Utamu wenyewe uko kwenye mpangilio wa moto. Kranki ikizunguka mara mbili, yaani nyuzi 720, silinda ya kwanza inachoma, zinapita nyuzi 270, ya pili inachoma, kisha kimya cha nyuzi 450. Injini ya kawaida ya silinda nne inachoma kila baada ya nyuzi 180 bila kupumua, ndiyo maana sauti yake ni moja, nyembamba, inapanda tu. V inapiga mbili za karibukaribu halafu inaacha pengo. Aliyekulia kwenye ngoma za Wamakonde atalishika pigo hilo kabla hajaelezwa.

Waendeshaji wa mbio watakwambia pengo hilo ndilo linaloipa tairi la nyuma nafasi ya kushika lami upya ukitoka kwenye kona huku umevuta mafuta. Wahandisi wamebishana sana juu ya sababu, lakini tazama walichofanya. Yamaha R1 ya 2009 ina silinda nne, ila kranki yake imepindwa ili mapigo yasilingane. Honda Africa Twin, tangu iliporudi na injini mpya 2016, ina silinda mbili zilizopangwa sambamba, na kranki imewekwa nyuzi 270 ili ipige kama V. Hizi mnaweza kuzisikia: wasafiri wanaotoka Msumbiji kupitia daraja la Mtambaswala huzipanda. Akisimama mmoja Masasi kunywa soda, msogelee anapowasha.

Kranki ya silinda mbili ni fupi, kwa hiyo pikipiki ni nyembamba na inalala kwenye kona upesi. Gharama yake ni urefu. Silinda iliyolala inakula nafasi ya mbele, na Honda wakalazimika kuhamishia rejeta pembeni, moja kila upande.

Kwa huku kwetu, tuseme kweli. Gia ya kwanza ya SP-1 peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa, na kutoka Mtwara kwenda Mingoyo kila kijiji ni 50 na matuta. Utapita Mikindani ukiteleza klachi, mgongo umekunjwa, joto la injini linakuchoma mapaja. Abiria hana pa kukaa pa maana, na gunia la korosho ndiyo usiliwaze kabisa.

Ningepewa nichague, 916 ningeiweka sebuleni niitazame, SP ningeipanda. Kamshafti za SP, yaani mihimili inayofungua valvu, zinazungushwa kwa gia tupu. Za 916 zinazungushwa kwa mikanda ya mpira, na valvu zake hazifungwi kwa springi bali kwa mkono wa pili wa chuma, mfumo ambao Fabio Taglioni aliuingiza Ducati 1956. Kupima tapeti zake, yaani nafasi ya valvu, ni kazi ya mtu mtulivu, maana kila valvu ina upande wa kufungua na upande wa kufunga. Mikanda nayo inazeeka hata pikipiki ikiwa imesimama, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Ukiletewa 916 ya mtumba, uliza mikanda ilibadilishwa mwaka gani. Muuzaji akikujibu kwa kilomita tu, usiiwashe mpaka mikanda mipya ifike.