Volti 12 Zinazodanganya: Nyaya za Kuwasha kwenye Pikapu ya Zamani

Hivi karibuni ililetwa karakanani kwangu Temeke pikapu ya Ford F-100 ya miaka ya 1960, injini ya silinda sita, ambayo ndani ya distribyuta (kigawa cheche za plagi) ilikuwa imeshaondolewa platineti, yaani swichi ndogo ya kukata na kuunga umeme wa koili, pamoja na kondensa, na kufungwa moduli ya elektroniki inayofanya kazi hiyo. Tatizo lake lilikuwa moja: stata ikizunguka, injini inashika mara moja, ukiachia ufunguo, inazima papo hapo. Fundi aliyeifunga alikuwa amepima koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri kuwa cheche, akaona volti 12, akahukumu kwamba moduli ni mbovu, na mwenye gari alikuwa njiani kwenda mtaa wa Gerezani kutafuta nyingine.

Moduli ilikuwa nzima. Kutoka kwenye swichi ya ufunguo hadi koili, Ford hizo zina waya wa ukinzani, wa rangi ya waridi, ambao kwa macho hauna tofauti na nyaya nyingine, lakini umebeba ukinzani wa takriban omu 1.5 ili koili ipate umeme pungufu injini inapotembea na platineti zisiungue. Wakati wa kustati tu ndipo waya mwingine, unaotoka kwenye nguzo yenye herufi I ya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya stata, huipa koili nguvu kamili ya betri.

Mita nayo haikukosea, ila ilitumiwa wakati mbaya, kwa sababu ukinzani hupunguza volti pale tu mkondo unapopita. Nilichomoa waya mweusi wa moduli, nikafungua ufunguo, nikagusisha hasi ya koili kwenye bodi kwa kipande cha waya kwa muda mfupi sana: sindano ikashuka kutoka 12 hadi karibu 6, kwa kuwa koili nayo ilikuwa ya omu 1.5 na umeme uligawanyika nusu kwa nusu. Volti hizo hazikuitosha moduli, ndiyo maana injini ilizima.

Wapo wanaokata waya wa waridi na kuweka wa kawaida, wakaiacha koili ileile. Nawasihi wasifanye hivyo, maana chaji ikifika volti 14 koili hiyo inaweza kuvuta zaidi ya ampea 9, na hapo moduli itaungua kweli. Mimi niliweka koili ya omu 3 na rilei, nikafunga miguu yake kwa namba zake: 30 kwenye betri kupitia fyuzi, 87 kwenye chanya ya koili pamoja na waya mwekundu wa moduli, 85 kwenye bodi, na 86 kwenye waya wa waridi, ambao kwa ampea 0.15 tu za kuamsha rilei haupotezi hata robo ya volti. Waya wa I niliuhamishia 86 pia, ili rilei isilale wakati wa kustati.

Mwisho nilikwangua kutu chini ya skrubu ya ethi (waya wa kwenda bodi) ndani ya distribyuta, kwani hewa ya chumvi ya mji huu hula hapo kimyakimya. Injini ilishika, nikaachia ufunguo, ikaendelea kunguruma, na kwenye koili nikasoma volti 13.8.