Matabibu wa kiropraktiki ni akina nani? Maswali na majibu kwa anayeumwa mgongo

Video za watu waliolala kifudifudi juu ya kitanda chembamba huku mtaalamu akiwasukuma mgongo mpaka mlio usikike zimeenea sana kwenye simu zetu, na wengi wenye maumivu ya mgongo hutamani kufanyiwa vivyo hivyo. Majibu yafuatayo yanaeleza kuhusu watu wanaofanya kazi hiyo: walikosomea, idadi yao, mazingira yao ya kazi, na mamlaka zinazowasimamia. Mgonjwa anayeyajua hayo anaweza kuamua kwa usalama zaidi kuliko anayetegemea video peke yake.

Tabibu wa kiropraktiki hufanya kazi gani?

Hushughulikia maumivu ya uti wa mgongo, shingo na viungo kwa kutumia mikono, bila dawa wala upasuaji. Tendo linalomtambulisha ni kuisukuma pingili ya uti wa mgongo kwa kasi lakini kwa umbali mfupi sana. Mlio unaosikika hutokana na gesi iliyomo katika majimaji ya kiungo. Hauthibitishi kwamba mfupa ulikuwa umehama na sasa umerudi mahali pake, na wala usiposikika haina maana kwamba tiba imeshindwa.

Taaluma hii ilianzishwa na Daniel David Palmer mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, nchini Marekani. Palmer aliamini kwamba karibu magonjwa yote husababishwa na pingili zilizokaa vibaya na kuibana mishipa ya fahamu. Imani hiyo imeigawa taaluma hadi leo, kwa sababu wapo wanaoishikilia, na wapo wanaojihesabu kuwa wataalamu wa misuli na mifupa tu na wanaofuata ushahidi wa tafiti. Mwaka 2010 baraza linalowasimamia nchini Uingereza lilitamka kwamba hakuna ushahidi wa tafiti za kitabibu unaoruhusu mtu kudai kwamba hali hiyo ya pingili ndiyo chanzo cha magonjwa. Mgonjwa hana budi kuufahamu mgawanyiko huu, kwani watu wawili wenye cheti cha aina moja wanaweza kumpa ushauri unaopingana kabisa.

Wako wangapi duniani, na wako wapi?

Mapitio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihesabu matabibu wa kiropraktiki 103,469 katika nchi 90. Kati yao, wapatao 77,000 walikuwa Marekani peke yake, ilhali baadhi ya nchi zilikuwa na mmoja tu. Taaluma ilitambuliwa kisheria katika nchi 68 kati ya hizo 90, na katika nchi 12 ilikatazwa waziwazi.

Maumivu yenyewe hayakugawanyika hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa sehemu ya chini ya mgongo, yaani mtu 1 kati ya kila 13, na wamo wakulima wanaoinama shambani kutwa nzima, wabeba mizigo wa masokoni na madereva wa malori. Kwa maoni yangu, matabibu hawa hawakuenda palipo na migongo inayouma zaidi. Wamejikusanya mahali penye vyuo, sheria inayowalinda na bima inayowalipa. Bima ya serikali ya wazee wa Marekani, kwa mfano, ilianza kuwalipa katika miaka ya 1970, tena kwa tendo moja tu la kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono.

Wanasomea wapi, na kwa muda gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka elimu kamili ya kiropraktiki isipungue saa 4,200 za masomo ya ana kwa ana na walimu, na katika hizo saa 1,000 au zaidi ziwe za kuwahudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya miaka minne ya masomo ya muda wote, mbali na maandalizi ya awali. Mwanafunzi hujifunza anatomia, fiziolojia, utambuzi wa magonjwa na usomaji wa picha za eksirei, na kujifunza pia kumtambua mgonjwa asiyepaswa kuguswa bali kupelekwa hospitali. Huko Denmark, katika mji wa Odense, wanafunzi wa fani hii husoma sehemu kubwa ya masomo ya msingi pamoja na wanafunzi wa udaktari.

Barani Afrika, vyuo vinavyojulikana zaidi viko Afrika Kusini: Chuo Kikuu cha Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Kwa hiyo ukikutana na mtu mwenye elimu kamili ya fani hii Nairobi au Dar es Salaam, kwa kawaida atakuwa amesomea ng'ambo au Afrika Kusini, na hapaswi kuona vibaya akiulizwa jina la chuo na mwaka aliohitimu. Mtu aliyehudhuria semina ya siku chache au aliyejifunza kwa kutazama video hayumo kabisa katika kundi tunalolizungumzia hapa, hata kama amening'iniza mfano wa uti wa mgongo wa plastiki ukutani.

Je, wengi wao ni wanaume?

Kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa, ingawa hali inabadilika. Nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walikuwa takriban 13 katika kila matabibu 100. Leo wamevuka robo. Utafiti uliofanyika Australia katikati ya muongo uliopita, ambao ulipata majibu ya matabibu 2,005, sawa na asilimia 43 ya waliosajiliwa nchini humo, ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili walikuwa wanaume na kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 42.1. Hili lina uzito kwa mgonjwa, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kugusana mwili. Mama anayependa kuhudumiwa na mwanamke, au anayetaka ndugu yake awepo chumbani, ana haki ya kulisema hilo mapema.

Siku yao ya kazi ikoje?

Walio wengi hufanya kazi katika kliniki binafsi, ama wakiwa peke yao ama na wenzao wachache, nje ya hospitali kubwa. Ziara ya kwanza ndiyo huchukua muda mrefu. Tabibu makini humwuliza mgonjwa maumivu yalianza lini, kama yanashuka mguuni, kama yanamwamsha usiku, anatumia dawa gani na kama aliwahi kuanguka. Kisha humwambia ainame, asimame kwa visigino, na humgonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira ili kupima mishipa ya fahamu. Ndipo humlaza kwenye kitanda chenye uwazi wa kuingiza uso, akapapasa pingili moja baada ya nyingine, na kumweleza atakachofanya kabla ya kusukuma. Ziara zinazofuata ni fupi zaidi, na wengi huongeza mazoezi na ushauri juu ya namna ya kukaa, kuinua mizigo na kulala. Kazi hii huwachosha hata wenyewe, na si ajabu kumkuta tabibu wa migongo naye anaumwa kiuno, mkono au bega.

Mpangilio huu wa kazi una hatari zake. Anayejiajiri hulipwa kwa kila ziara, na hana daktari wa chumba cha pili wa kumwuliza papo hapo. Ndiyo maana mpango wa matibabu wa miezi mingi unaolipiwa kwa mkupuo, hasa ukiuzwa siku ya kwanza kabla haijajulikana kama mgonjwa anapata nafuu, unastahili kukataliwa.

Tiba yao inasaidia kweli?

Kwa maumivu ya chini ya mgongo, huweza kuleta nafuu ya kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya eneo hilo uliitaja tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono kuwa miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa, ila kwa pendekezo lenye masharti. Madai kwamba tiba hii huponya pumu, kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya masikio ya watoto hayana ushahidi wa kuaminika, na mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu hiyo.

Kuna hatari gani?

Madhara ya kawaida ni maumivu madogo au uchovu wa siku moja au mbili. Yaliyo makubwa hutokea kwa nadra, yakiwemo kuchanika kwa mshipa wa damu wa shingoni, jambo linaloweza kuleta kiharusi. Maumivu makali ya ghafla ya shingo au kichwa, kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili au ulimi kuwa mzito, yawe yameanza kabla au baada ya tiba, yanahitaji hospitali mara moja.

Kwetu Afrika Mashariki lipo jambo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huu hula pingili polepole, na mgonjwa anaweza kuumwa mgongo kwa miezi bila kukohoa hata kidogo. Kuisukuma pingili iliyolika hivyo kunaweza kuivunja na kuujeruhi uti wa fahamu unaopita ndani yake. Mwenye homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, au kibyongo kinachoanza kujitokeza apimwe hospitali kabla ya kushikwa na yeyote. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kuugua saratani, mzee mwenye mifupa dhaifu, na aliyepata ajali. Ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu kukosa nguvu ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kuhusu watoto wachanga, bodi ya taaluma hii nchini Australia iliwazuia matabibu wake mwaka 2019 kuwanyoosha uti wa mgongo watoto walio chini ya miaka miwili, na mwaka 2024 ikarejesha zuio hilo baada ya kuwa limelegezwa.

Nitajuaje kwamba tabibu anasimamiwa?

Uingereza ilitunga sheria ya taaluma hii mwaka 1994, na ni kosa mtu kujiita tabibu wa kiropraktiki bila kusajiliwa. Australia ina rejista moja ya taifa tangu 2010. Katika nchi hizo mbili, yeyote anaweza kulitafuta jina la tabibu kwenye intaneti na kuona kama usajili wake bado ni hai. Afrika Kusini nayo ina baraza linalosajili taaluma hii pamoja na nyingine kadhaa. Kwa anayehudumiwa Kenya au Tanzania, njia ya moja kwa moja ni kuomba kuona cheti cha chuo pamoja na kibali cha mtu huyo na cha kituo chake, kisha kuiuliza ofisi ya afya ya kaunti au mganga mkuu wa wilaya kama kibali hicho kinatambulika.

Na kama hakuna tabibu wa kiropraktiki ninakoishi?

Hujakosa tiba. Wataalamu wa fiziotherapia wanafunzwa hapa hapa, kwa mfano katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, na katika vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC nchini Kenya, na wanapatikana katika hospitali nyingi za rufaa. Wao pia hutibu kwa mikono, hufundisha mazoezi, na hufanya kazi karibu na madaktari wanaoweza kuagiza picha au vipimo vya maabara. Anza na daktari wa zamu, mweleze maumivu yalivyoanza, kisha omba rufaa ya kwenda fiziotherapia.