Hamira ikitoa gesi, pombe imeshatoka pamoja nayo

Haya nayaandika kwa sababu yale maelezo ya "saida ya nyumbani isiyo na pombe" yananifikia kwenye simu kila baada ya muda, na kila yakija yanakuja na mtu mpya aliyeyaamini. Chukua juisi ya epo lita mbili, tia kijiko cha hamira, funga chupa vizuri, wacha siku kadhaa itakuwa na gesi kama soda, watoto watapenda. Halafu chini mtu kaandika kabisa kwamba ni halali kwa vile hakuna spiriti iliyotiwa. Hapo ndo pana tatizo, na si dogo.

Saida ni juisi ya epo iliyochachuliwa kwa hamira mpaka sukari yake, yote au sehemu, ikageuka pombe. Basi. Epo nasema yale yanayokuja kwenye maboksi kutoka nje, sio matufaa yetu mekundu ya shamba, lile ni tunda jengine. Uingereza, Ufaransa kule Normandy na Brittany, Hispania kule Asturias, ukiagiza saida unaletewa kinywaji cha pombe, na mahoteli ya hapa Unguja, Nungwi na Paje, pia ukiiona kwenye menyu ujue ni hiyo hiyo. Mkanganyiko unatoka Marekani, kule juisi mbichi ya epo isiyochujwa nayo wanaiita saida, na ile ya pombe wanaiongezea neno, wanaiita saida kali. Sasa mtu kaangalia video ya Mmarekani anakunywa na wanawe, jina akalichukua pale, halafu njia ya kutengeneza akaenda kuichukua kwa Muingereza. Na wapo wanaosema wanakunywa saida asubuhi kupunguza tumbo ilhali walichonacho ni siki ya epo, hicho nacho ni kitu cha tatu, nitakifikia.

Lakini jina si kitu sana kama hamira yenyewe, mana watu wanaichukulia kama ni unga wa kutilia gesi, sawa na bekin pauda. Siyo. Bekin pauda ni magadi na asidi, ikikutana na maji inatoa gesi na imemaliza kazi, hakuna kiumbe mle. Hamira ni kiumbe hai, chembe moja moja za jamii ya kuvu, ukitia kwenye sukari na umajimaji inakula. Na ikila pahala pasipo na hewa inatoa vitu viwili kwa pamoja, gesi na pombe, na havitoki kimoja leo kimoja kesho. Kwa hesabu za kemia sukari ya glukosi gramu 100 ikiliwa yote inatoa pombe gramu 51 na gesi gramu 49, karibu nusu kwa nusu, na kwenye chupa halisi inapungua kidogo tu kwa sababu sukari nyengine hamira inaitumia kujijenga. Kwa hiyo anayesema "yangu ina gesi tu" anasema kitu ambacho hamira haikiwezi. Ukiona gesi yake, pombe yake imo.

Hebu itazame chupa yenyewe ukitaka kuhakikisha. Tia hamira kwenye juisi asubuhi, kwenye joto letu hili kabla ya magharibi utaona vijipovu vidogo vidogo vinapanda pembeni ya chupa, shingoni pamejikusanya povu la rangi ya chai ya maziwa, na juisi imeingia ukungu hata ile iliyokuwa inapitisha mwanga. Ukinusa, utamu wa epo umepungua na kuna harufu ya unga uliolala usiku. Siku zikipita chini panakaa mashapo meupe mazito, hayo ni hamira zenyewe, zimezaana zikashiba zikatuama. Na ile sukari karibu yote imekwenda kwenye gesi na pombe.

Watu wanauliza basi mbona mkate na mahamri. Swali zuri, na jibu ni kwamba kwenye unga pombe inatoka pia, ndo ile harufu kali ukifunua beseni la unga uliopitiliza kuumuka, lakini muda ni mfupi na halafu kuna moto, tanuri au mafuta yanayochemka, nyingi inaruka na mvuke. Chupa ya saida haipikwi. Imefungwa, kilichomo kimebaki mle.

Na lile la "mimi sikutia spiriti" hapa kwetu lisingetakiwa hata kusemwa, mana tembo la mnazi tunalijua. Mgema anateremka alfajiri na tembo tamu, hajatia kitu, na likiwachwa mpaka jioni ni kali, kwa sababu hamira za mwituni zimo kwenye hewa, kwenye kigao cha kugemea, kwenye mnazi wenyewe. Kwenye maganda ya epo pia zipo. Saida za zamani za Ulaya zilichachuka kwa hizo hizo, hakuna aliyetia paketi. Watu wamekuwa wakitengeneza pombe miaka na miaka bila kujua nani anaifanya, mpaka kwenye miaka ya 1850 na 1860 mwanasayansi wa Kifaransa Louis Pasteur alipoonesha kwamba ni viumbe hai, na mwaka 1883 mtaalamu Emil Christian Hansen pale kwenye kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, Denmark, akafanikiwa kuitenga hamira ya mbegu moja safi na kuikuza peke yake.

Kutoka hapo ndo ikaja habari ya kuchagua hamira, na hapa napo nasikia "hamira ni hamira". Kwa jina la kitaalamu kweli nyingi ni moja, Saccharomyces cerevisiae, ya mkate, ya mvinyo, ya bia aina ya eli. Lakini ni kama kuku, wa kienyeji na wa mayai wote ni kuku, ila waliolelewa kwa kazi tofauti. Hamira ya mkate imechaguliwa kwa kutoa gesi haraka, kwenye saida inaacha ladha ya unga na haituami vizuri. Ya shampeni, mfano ile inayouzwa kwa jina EC-1118, inakula sukari mpaka iishe kabisa, inastahimili pombe hadi asilimia 18, saida inatoka kavu haina utamu. Hamira za eli huacha harufu ya tunda zaidi. Ipo nyengine inayouzwa kwa jina 71B, inakula na sehemu ya ile asidi ya epo inayokunja uso, kwa hiyo ukali unapungua. Nyingi katika hizi zinapenda ubaridi, nyuzi 15 mpaka 20 hivi, zikipata joto kama la Unguja la nyuzi 30 nyengine zinatoa pombe nzito zenye harufu ya rangi ya ukuta, ila kuna za Norway magharibi zinaitwa kveik ambazo nyuzi 30 na kupanda ndo raha yao. Zote hizo zinatofautiana ladha, mwendo, joto. Katika zinazouzwa kwa kazi hii hakuna moja iliyochaguliwa kwa kutoa gesi bila pombe.

Itakuwa asilimia ngapi? Soma nyuma ya boksi la juisi. Juisi ya epo ina sukari kama gramu 100 mpaka 120 kwa lita, na kila gramu 17 hivi kwenye lita zikiliwa ni asilimia moja ya pombe, kwa hiyo ikimaliza unapata 6 au 7. Hiyo ni zaidi ya bia nyingi. Wapo wanaosema yao "haikuchacha kitu", inawezekana, mana juisi nyengine zimetiwa potasiamu sobeti inayozuia hamira isizaane, lakini hiyo ni bahati ya boksi, si sifa ya njia yao. Na kufunga chupa kabisa na sukari yote hiyo ndani ni hatari, gesi inajaa mpaka chupa ya gilasi inapasuka, na vipande vyake vinaruka jikoni walipo watoto.

Siki sasa. Siki ya epo inapitia saida kwanza, haiwezi kuruka hatua. Hamira inafanya pombe, ikishamaliza ndo wanakuja bakteria wa siki, hao wanataka hewa, wanaichukua pombe wanaifanya asidi. Ndo mana chupa ya pombe inafunikwa isipate hewa na ya siki inafunikwa kitambaa tu. Ule utando unaoelea juu, laini unaoteleza, watu wanaouita hamira wanakosea, huo umejengwa na bakteria. Na siki iliyochukua wiki mbili ikafungwa chupani haijamaliza, bado ina pombe ndani. Hukumu ya dini kwenye hatua hizi, na ile tofauti ya siki iliyogeuka yenyewe na iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu, masheikh wameizungumza kwa urefu, waulizwe wao, mimi nimeeleza kinachotokea kwenye chupa tu.

Kwa hiyo dada yangu uliyeyatuma yale maelezo, najua ulitaka wanao wapate kitu kizuri cha kufuturu kisicho na rangi za dukani, na hilo linawezekana. Chukua juisi ya epo ya baridi, changanya na maji ya soda wakati wa kunywa, gesi imo na hamira haipo. Hiyo iite juisi ya epo yenye gesi. Ile ya kwanza ukiituma tena, iondolee neno halali na uiandike kwa jina lake, saida, na uwaambie watu ina pombe.