Aliyechora Mraba Mweusi alijua kuchora
Ujumbe huu huzunguka kila mara kwenye magrupu: picha ya mraba mweusi, na chini yake maneno kwamba aliyeuchora hakuweza kuchora hata mkono wa mtu, akamwaga rangi na kuitwa gwiji. Si kweli.

Mchoraji huyo, Kazimir Malevich, mzaliwa wa Kyiv, alianza na mandhari na wakulima. Mwaka 1913 alibuni mavazi na mapazia ya opera huko St. Petersburg, pazia moja lilikuwa na mraba uliokatwa kimshazari, nusu nyeusi, nusu nyeupe. Mraba Mweusi wenyewe aliuonyesha 1915. Na mkono? Mwaka 1933 alijichora mwenyewe, kiganja wazi, vidole vimenyooka. Panga kazi zake kwa miaka kwenye tovuti za makumbusho, utaona.

Simu ndiyo hutudanganya, maana huonyesha weusi mtupu. Mchoro halisi umepasukapasuka, rangi nyingine zinachungulia kwenye nyufa, na eksirei imeonyesha kuna mchoro mwingine chini yake. Kuupenda si lazima (mimi mwenyewe ulinichukua muda). Ila ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali uishie kwako.